Do Inayohama: Kufundisha Kwaya Kusoma Nota kwa Solfeji katika Maniema ya Kusini

Kusoma nota papo hapo ni uwezo wa mwimbaji kupokea karatasi ya wimbo asioujua, kuukagua kwa muda mfupi, kisha kuuimba kwa sauti na mapigo sahihi bila kuimbiwa kwanza na mtu mwingine. Solfeji ni njia ya kuufikia uwezo huo. Kila sauti ya ngazi hupewa silabi yake, na mwanafunzi huziimba silabi hizo mpaka jicho likiona alama, sikio liwe limekwisha kuisikia sauti yake. Katika Kasongo, Kabambare na Nyangwe, kusini mwa mkoa wa Maniema, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki, kwaya imezoea njia nyingine: maestro, yaani kiongozi wa kwaya, huimba mstari wa soprano, waimbaji wakarudia, kisha akaenda kwa alto, kwa tena na kwa besi. Njia hiyo hujenga kumbukumbu imara, lakini humfunga kila mwimbaji kwa mtu mmoja. Maestro akihamishwa, nyimbo zake huondoka naye, na wimbo ulioandikwa na mtunzi wa mbali hubaki karatasi tupu mpaka apatikane mtu wa kuuimba kwanza.

Ugumu wa kufundisha solfeji katika eneo hili hautokani na uhaba wa vipaji. Unatokana zaidi na jambo moja la kiufundi: silabi zilezile za do, re, mi hutumika katika mifumo miwili inayopingana, na yote miwili imeifikia Kongo ya mashariki. Mwalimu asiyejua tofauti yake huichanganya, na mwanafunzi hubaki na maneno mdomoni yasiyokuwa na sauti sikioni.

Silabi zilikotoka

Silabi hizi ziliwekwa katika karne ya 11 na Guido wa Arezzo, mtawa Mbenedikto wa Italia. Aliona kwamba wanakwaya walitumia miaka mingi kukariri nyimbo za ibada, na bado hawakuweza kuimba wimbo mpya bila mwalimu. Alichukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao vishazi vyake sita vya kwanza huanza kila kimoja hatua moja juu ya kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vishazi hivyo zikawa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye sauti ya saba ikaongezwa kwa jina la si, na katika karne ya 17 Waitalia wakabadilisha ut kuwa do, silabi iliyo rahisi zaidi kuimba kwa kuwa huishia kwa irabu.

Katika utaratibu uliotokana na Guido, silabi hazikufungwa mahali pamoja. Ut iliweza kuanza kwenye C, kwenye F au kwenye G, kwa sababu silabi zilionyesha uhusiano kati ya sauti. Kati ya mi na fa palikuwa na nusu toni, popote pale wimbo ulipoanzia. Kwa hiyo do inayohama ndiyo kongwe zaidi kati ya mifumo miwili.

Wafaransa walifuata njia tofauti. Katika mafunzo ya konsevatwari, ile ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1795 ikiwa mfano mkuu, silabi zikawa majina ya kudumu ya nota: do ni C siku zote, iwe wimbo uko katika ufunguo upi. Ubelgiji ulifuata desturi hiyo hiyo. Huu ndio mfumo wa do isiyohama.

Uingereza katika karne ya 19 iliirudia njia ya zamani. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, alitunga mfumo wa herufi na silabi kwa ajili ya watoto na waumini wa kawaida. John Curwen, mchungaji aliyeombwa mwaka 1841 kutafuta njia rahisi ya kufundisha uimbaji katika shule za Jumapili, aliuchukua mfumo wa Glover, akaupanua na kuueneza kwa jina la Tonic Sol-fa. Katika maandishi yake sauti saba huandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Sauti ya saba ilipewa silabi inayoanza na t badala ya s, ili kila silabi iwe na herufi yake peke yake. Karatasi ya aina hiyo inaweza kuchapwa kwa taipureta ya kawaida au kuandikwa ubaoni bila kuchora mistari mitano.

Njia mbili zilizokutana Maniema

Wamisionari Waprotestanti wa Kiingereza waliusambaza mfumo wa Curwen kuanzia Afrika Kusini na Madagaska hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Ushahidi unaojulikana zaidi ni wimbo ambao kila Mtanzania anaufahamu: Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 muziki ambao leo ni wa wimbo wa taifa wa Tanzania, naye aliziandika nyimbo zake kwa herufi za solfa.

Kongo ilipata urithi mwingine. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walifungua misheni Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1959 Kasongo ikawa jimbo la Kanisa Katoliki. Shule na seminari za Kongo chini ya Wabelgiji zilifuata desturi ya Kifaransa, ambamo do ni C. Hata leo mpiga gitaa wa Kongo husema wimbo uko katika do au katika sol, wala hataji C au G. Anayeendelea na masomo ya juu ya muziki katika Institut National des Arts huko Kinshasa hukutana na mapokeo hayohayo ya Kifaransa.

Hata hivyo, ndani ya kanisa lenyewe hali haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1903 Papa Pius X aliutangaza wimbo wa Gregori kuwa kielelezo cha muziki wa ibada, na wimbo huo huandikwa kwenye mistari minne yenye alama ya ufunguo wa do au wa fa, ambayo yaweza kuwekwa juu au chini kadiri wimbo unavyohitaji. Do ya Gregori haifungwi kwenye C ya kinanda. Kwaya huanzia kimo kinachoifaa. Hivyo mwanafunzi aliyefundishwa darasani kwamba do haihami, alipoingia kanisani aliimba kwa do inayohama, mara nyingi bila kuambiwa.

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuruhusu lugha za wenyeji katika liturujia mwaka 1963, na Roma kuidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, jina la Kongo wakati huo, mwaka 1988, mahitaji ya nyimbo za Kiswahili yaliongezeka. Nyimbo za Tanzania, Kenya na Burundi hufika ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Kabambare iko kwenye njia ya kale ya misafara iliyoliunganisha ziwa hilo na Kasongo na Nyangwe. Karatasi zitokazo mashariki mara nyingi huwa na herufi za solfa. Zitokazo Kinshasa au Lubumbashi huwa na mistari mitano na majina ya Kifaransa. Kwaya moja yaweza kuwa na karatasi za aina zote mbili katika jalada lake.

Kwa nini do inayohama huifaa kwaya

Do isiyohama ina faida halisi kwa wapiga ala. Kidole cha mpiga fidla huenda mahali palepale kila anapoiona nota ileile. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 na kujaa watu ambao wengi hawakuwa wanamuziki wa kazi, imepiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Kwa kundi la aina hiyo, jina la kudumu kwa kila nota ni msaada mkubwa.

Kwaya isiyo na kinanda iko katika hali tofauti. Mwimbaji hana kitufe cha kubonyeza. Sauti lazima aitafute kichwani kabla ya kuitoa. Anachoweza kukumbuka ni uhusiano: so iko wapi ukilinganisha na do, ti inavutwa vipi kuelekea do, fa inaelemea vipi kwenye mi. Katika mfumo unaohama, uhusiano huo una jina moja katika funguo zote. Katika mfumo usiohama, umbali uleule huitwa do-mi katika ufunguo wa C, re-fa katika ufunguo wa D, na fa-la katika ufunguo wa F, huku alama za diezi (kupandisha) na bemoli (kushusha) zikibadilisha sauti bila kubadilisha silabi. Anayeanza huona majina matatu mahali penye jambo moja.

Pia kwaya isiyo na ala hushusha au kupandisha wimbo kulingana na waimbaji waliofika. Waimbaji wa tena wakiwa wachache, maestro husogeza wimbo chini. Kwa do inayohama hakuna kinachobadilika katika kusoma. Kwa do isiyohama karatasi inasema jambo moja na masikio yanasikia lingine.

Suluhisho la mgongano wa majina ni kugawa kazi. Silabi do, re, mi, fa, so, la, ti zitumike kwa nafasi ya sauti katika ngazi, na herufi C, D, E, F, G, A, B zitumike kwa kimo cha nota. Mwalimu wa Kongo apaswa kulieleza hili siku ya kwanza, kwa kuwa wanafunzi wake wamekwisha kusikia do ikiitwa jina la C. Kutumia ti badala ya si ni ukumbusho wa kila siku kwamba mfumo unaotumika ni ule unaohama.

Hatua za kufundisha

Sauti hutangulia alama. Curwen alianza na sauti tatu, do, mi na so, kwa sababu ndizo nguzo za ngazi na ndizo zinazojenga akodi ya kwanza. Hatua ya pili huongeza re na ti, na ya tatu fa na la. Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyeutumia mfumo huu kwa watoto wa shule katika karne ya 20, alipendelea kuanza na so na mi kisha la. Kwa watoto wadogo njia ya Kodály ni nyepesi. Kwa kwaya ya vijana na watu wazima wanaoimba sauti nne, mpangilio wa Curwen una faida zaidi, kwa kuwa besi hurukia do na so mara kwa mara kuanzia wimbo wa kwanza.

Chombo kikuu ni ngazi iliyoandikwa wima ubaoni, do chini na do nyingine juu, nafasi ya mi-fa na ya ti-do ikiwa nyembamba kuliko nyingine. Mwalimu huelekeza kwa fimbo, wanafunzi huimba. Yeye mwenyewe hunyamaza, wala si kwa uvivu: akiimba pamoja nao, watamfuata yeye badala ya kuitafuta sauti. Kwanza huenda hatua kwa hatua, kisha huruka ndani ya do-mi-so, kisha huchanganya.

Ishara za mkono hufanya kazi hiyohiyo pasipo ubao. Do ni ngumi. Re ni kiganja kilichoinama kuelekea juu. Mi ni kiganja kilicholala sawa. Fa ni kidole gumba kinachoelekea chini. So ni kiganja kinachomtazama mwimbaji mwenyewe. La ni mkono unaoning'inia kwa ulegevu. Ti ni kidole cha shahada kinachoelekea juu. Mwalimu akitumia mikono yote miwili, upande mmoja wa kwaya hufuata mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, na waimbaji huzoea kushikilia sauti yao huku nyingine ikisikika.

Sikio la mwanafunzi wa eneo hili haliji darasani likiwa tupu. Lugha nyingi za Kibantu za Kongo, tofauti na Kiswahili, hutofautisha maana za maneno kwa sauti ya juu na ya chini. John Carrington, mmisionari wa Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma ya gogo ya Kongo inavyopeleka ujumbe kwa kufuata sauti hizo mbili za lugha. Mwalimu anaweza kuanza na juu na chini za maneno ambayo wanafunzi wanayajua nyumbani kabla ya kufika kwenye so na mi.

Mapigo hufundishwa peke yake, kando ya sauti. Shule za Kenya zimetumia majina ya mapigo yenye asili ya Kifaransa: taa kwa pigo moja, ta-te kwa nusu mbili, tafatefe kwa robo nne, taa-aa kwa mapigo mawili. Wanafunzi hutamka huku wakipiga makofi ya mwendo usiobadilika. Katika Nyangwe na Kasongo, miji yenye Waislamu wengi, darasa la shule linaweza kuwa na wanafunzi waliopitia madrasa. Hao wamejifunza tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, ambamo urefu wa madda (irabu inayovutwa) huhesabiwa kwa haraka mbili, nne au sita. Dhana ya kwamba irabu ina urefu unaohesabika wanayo tayari. Kinachobaki ni kuihamishia kwenye nota.

Baada ya hapo huja maandishi ya herufi. Mstari wima hutenganisha mizani, nukta mbili hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo katikati, na kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Zoezi fupi la mapigo mawili huandikwa hivi:

| d : m | s : – | f : r | d : – ||

Alama ndogo juu ya herufi huonyesha sauti ya ngazi ya juu, na alama chini yake huonyesha ya ngazi ya chini. Kwaya iliyofika hapa inaweza kusoma sehemu kubwa ya nyimbo za sauti nne zitokazo Afrika Mashariki.

Kuishia kwenye herufi, hata hivyo, ni kujifungia mlango. Mistari mitano huonyesha kupanda na kushuka kwa macho, nayo ndiyo maandishi ya karibu muziki wote uliochapwa duniani. Kuvuka kunahitaji kanuni tatu tu. Ya kwanza: diezi ya mwisho upande wa kulia ni ti, na do iko hatua moja juu yake. Ya pili: bemoli ya mwisho ni fa, na zikiwa mbili au zaidi, ile ya kabla ya mwisho ndiyo do. Ya tatu: do ikikaa kwenye mstari, mi na so zilizo juu yake hukaa kwenye mistari miwili inayofuata, do ikikaa kwenye nafasi, nazo hukaa kwenye nafasi. Mwanafunzi akiipata do, huona akodi yake kwa mtazamo mmoja, katika ufunguo wowote. Besi hufundishwa alama ya ufunguo wa fa tangu mwanzo, na waimbaji wa tena huelezwa kwamba mstari wao ukiandikwa kwa alama ya ufunguo wa sol, sauti halisi iko oktava moja chini.

Nyimbo za minori husomwa kwa kuanzia la, na so inayopandishwa nusu toni huandikwa se. Fa iliyopandishwa huwa fe, na ti iliyoshushwa huwa ta. Fe mara nyingi ni dalili kwamba wimbo unahamia ufunguo wa so; ta huashiria kuhamia ufunguo wa fa. Hapo mwimbaji huibadilishia jina nota moja na kuendelea katika do mpya.

Namna ya kusoma wimbo mpya

Dakika kumi mwanzoni mwa kila mazoezi huzaa zaidi ya somo refu la mara moja kwa mwezi. Zoezi la kusoma liwe na wimbo usiojulikana. Kwaya inayosoma wimbo inaoujua inakumbuka, haisomi. Liwe pia rahisi kuliko nyimbo ambazo kwaya inaziimba kwa kawaida.

Mpangilio wenye mafanikio ni huu. Waimbaji hutafuta ufunguo, idadi ya mapigo, nota ya mwanzo na ya mwisho. Hutamka mapigo wakipiga makofi. Mwalimu hutoa A kwa diapazoni (chuma cha kutolea kimo), ambayo kwa kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde, hutafuta do kutoka hapo, na kwaya huimba do-mi-so-mi-do ili kukaa ndani ya ufunguo. Husoma wimbo kimya kichwani. Kisha huimba kwa silabi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata penye kosa. Anayepotea hungoja mizani inayofuata na kuingia tena. Maneno huja mwisho.

Makosa hujirudia mahali palepale. Fa huimbwa juu mno watu wanapopanda, na ti huimbwa chini mno. Hapo ndipo kwaya huanza kuporomoka kutoka kwenye kimo chake. Mruko wa fa na ti humtisha kila anayeanza, na njia ya kuushinda ni kufikiria do inayofuata ti kabla ya kuruka. Maneno nayo hudai uangalifu: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tafsiri nyingi za nyimbo za Ulaya huiweka silabi hiyo kwenye pigo dhaifu. Kwaya iliyosoma mapigo kwanza hutambua mgongano huo, na maestro anaweza kuurekebisha kwa kujua anachokibadilisha.

Mipaka ya solfeji

Si kila muziki wa Maniema unaingia katika do, re, mi. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Kongo ya mashariki mwaka 1952, alipima sauti za ala nyingi za Kiafrika na kuonyesha kwamba nafasi kati ya sauti zake hazilingani daima na zile za piano. Kaswida nazo hufuata maqamu, yaani ngazi, za Kiarabu, na baadhi yake zina sauti zinazopita kati ya nusu toni. Mpishano wa ngoma ni mgumu kuandika kwa mapigo ya mizani moja, na kiongozi anayeitikiwa na kwaya ana haki ya kubuni papo hapo.

Misa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na kwaya ya padri Guido Haazen, inaonyesha uhusiano unaofaa kati ya njia mbili. Sehemu kubwa yake ilibuniwa na waimbaji wenyewe kutokana na mapokeo yao, na baadaye ikaandikwa kwa nota. Kwa sababu iliandikwa, kwaya za mabara mengine ziliweza kuiimba. Kujifunza kwa sikio kulizaa muziki, maandishi yaliusafirisha.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha njia ya mdomo, ambayo itaendelea kufaa kwa nyimbo za kuitikiana na kwa wazee wasiohitaji karatasi. Lakini kwaya ya shule au ya parokia inayotaka kuimba sauti nne bila kumtegemea mtu mmoja inahitaji solfeji ya do inayohama, iliyoanza kwa sikio na kuishia kwenye mistari mitano. Ubao, chaki, diapazoni moja na dakika kumi za kila mazoezi zinatosha kuianza kazi hiyo. Kinachotakiwa zaidi ni mwalimu anayeshikilia mfumo mmoja bila kuuchanganya na mwingine.